Amonia Isiyotoka Hewani

Kule Githongo, ukimtaja Mwalimu wa Kemia, jambo la kwanza watu watakalokwambia ni kwamba aliiharibu ibada ya shukrani ya babake. Watakwambia hivyo hata wale ambao siku hiyo hawakuwa kanisani. Mimi nilikuwepo, nimeketi karibu na dirisha, na mpaka leo sijui kama "kuharibu" ndilo neno lenyewe.

Nilimjua miaka mingi. Tulikaa nyumba za walimu katika shule ya wasichana iliyoko chini kidogo ya soko, ua wa miiba ya kaiyaba katikati yetu. Mimi nilifundisha Kiswahili, naye kemia. Wanafunzi walimwita Madam Kemia. Mtu aliyesikia habari za masomo yake akajaribu kumwita Daktari alikatizwa papo hapo: "Daktari yuko zahanati. Unaumwa?"

Alikuwa mwembamba, mrefu, wa sweta ya kijivu mwaka mzima. Mikono yake ndiyo iliyonishangaza kwanza. Alishika vitu polepole, vidole vimepanuka, kama mtu aliyevaa glavu nene. Alishika hivyo chaki, kikombe, hata karoti. Baadaye alinieleza kwamba kule ng'ambo alifanya kazi miaka kadhaa ndani ya kasha la kioo. Aliingiza mikono katika glavu ndefu za mpira zilizofungiwa kwenye kasha, kwa sababu vitu alivyovitengeneza viliharibika vikiguswa na hewa hii tunayoivuta.

"Nilitengeneza dawa ya kuvunja hewa," alisema, "na hewa ndiyo iliyokuwa inaiua. Mungu naye ana vichekesho vyake."

Ni mara chache nilimsikia akifanya mzaha juu ya jambo hilo.

Kazi yake nilikuja kuielewa kidogo kidogo, nyingi katika chumba cha walimu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kunijia kutafuta maneno. Aliamini kwamba jambo lisilosemeka kwa lugha inayojulikana na watoto halijaeleweka hata na mwalimu. Siku moja aliniuliza: "Wa Kiswahili, atomi chache za chuma zikikusanyika na kushikana, mkusanyiko huo utauitaje?"

"Kundi," nikasema.

"Kundi ni la mbuzi. Mbuzi hutawanyika."

"Kishada."

Alitoka nje, akasimama mbele ya mti wa kahawa uliokuwa kando ya maabara, akaangalia buni zilivyobanana kwenye tawi. Aliporudi alisema, "Kishada. Sawa. Vishada vya metali." Akaenda darasani, na wasichana wa mwaka huo wakamaliza shule wakilijua neno hilo kuliko majina ya mawaziri.

Darasani alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliwaita wasichana wawili mbele, wakashikana mikono yote miwili, kisha akawafunga viunoni kwa leso yake iwe shiko la tatu. "Hii ni naitrojeni," akasema. "Sehemu kubwa ya hewa ni hawa wawili wameshikana hivi. Mahindi yenu yanawahitaji, lakini hayawezi kuwala wakiwa wameshikana." Akaita msichana mmoja ajaribu kuwatenganisha. Akashindwa. Akaita wengine watatu waje pamoja, huyu ashike bega hili, yule lile, wavute pande zote. Darasa zima likapiga kelele mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Wale wawili wakaachana.

"Atomi moja ya metali haiwezi," alisema huku akihema. "Kishada kinaweza. Viwandani wanatumia moto mkali na mgandamizo mkubwa kutengeneza mbolea. Lakini kwenye mizizi ya maharagwe ya mama yako kuna vijidudu vinafanya kazi hiyohiyo kwa baridi ya Githongo, na ndani yao kuna kishada cha metali. Hatujui vizuri kinavyofanya. Tunajifunza."

Aliposema "tunajifunza", wasichana walidhani ni unyenyekevu wa mwalimu. Mimi nilisikia kitu kingine, kwa sababu nilijua ilivyokuwa.

Ilikuwa hivi. Kule ng'ambo alikuwa ametengeneza kishada cha chuma, akakiweka kwenye hewa ya naitrojeni tupu, na baada ya kazi ndefu akapata amonia. Amonia ndiyo mwanzo wa mbolea. Maana yake ilikuwa kwamba kishada kimewatenganisha wale wawili bila moto wala mgandamizo. Profesa wake alifurahi. Wakaandika, ikachapishwa, watu wakampigia makofi kwenye mikutano. Akampigia simu babake.

Babake alikuwa mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye hata maneno hayo aliyatoa kama anayakopesha. Lakini habari hiyo ilimfungua kinywa. Alisimama kiwandani, mahali wakulima wanapoleta buni zao, akawaambia kwamba binti yake ametoa mbolea hewani. Alirudia sokoni. Alirudia Laare alikokwenda kwa shemeji yake, kwa watu wa miraa ambao hata hawakumuuliza. Mtu ambaye ardhi yake imechoka, akaahidiwa kwamba dawa iko juu ya kichwa chake, bure, kila anapoinua macho: unaweza kumlaumu?

Lakini yule binti alikuwa na swali ambalo lilikuwa halimpi usingizi. Amonia imetoka wapi? Naitrojeni haiko hewani peke yake. Iko kwenye jasho, kwenye vumbi, kwenye nusu ya chupa za maabara. Kwa hiyo akarudia kazi yote kwa kutumia naitrojeni nzito. Alinieleza hivi: kuna naitrojeni ya kawaida, na kuna nyingine iliyo sawa nayo kwa kila kitu isipokuwa uzito. Ni kama mtu anavyowapaka mbuzi wake rangi kabla ya kuwachanganya na wa jirani. Ukiweka nzito kwenye chombo, na amonia ikatoka hewani, nayo lazima itoke nzito.

Ilitoka nyepesi.

"Yote?" nilimuuliza.

"Yote. Hakukuwa na mbuzi wangu hata mmoja."

Alitafuta mpaka akajua. Kulikuwa na kimiminika walichotumia kuoshea kishada, na molekuli zake ni ndogo, kila moja ina kaboni na naitrojeni zilizoshikana kwa nguvu. Mabaki yake yalibaki ndani. Kishada kilikuwa kimeuvunja muungano huo, si ule wa hewa. Lilikuwa jambo kubwa kwa namna yake, maana nao ni muungano mgumu kuvunja. Lakini silo jambo walilolitangaza.

Profesa alimwambia wasiharakishe. Wangoje, wachunguze zaidi, labda kuna maelezo. Alingoja. Kisha akawaandikia wahariri wa jarida yeye mwenyewe, akawaambia kazi ile si sahihi. Hakufukuzwa. Mkataba wake tu haukuongezwa, barua zake zikaacha kujibiwa, na akarudi nyumbani na sanduku moja na sweta ya kijivu.

Babake alikwenda kumpokea mjini Meru. Alimwambia hapohapo kituoni kwamba kanisa limeandaa ibada ya shukrani Jumapili. Yeye akamwambia, "Baba, kuna jambo la kukueleza." Babake akamwambia, "Utaeleza kanisani, watu wote wasikie."

Nadhani hapo ndipo kila mmoja alipomsikia mwenzake vibaya.

Jumapili ile kwaya iliimba, kukawa na chai na chakula cha nkima nyuma ya kanisa, na mzee amevaa suti aliyofungia ndoa. Mchungaji akamwita binti mbele atoe ushuhuda. Akapanda. Akashukuru kwa maombi. Kisha akasema, kwa Kimeru ili asiwepo wa kutoelewa, kwamba yale waliyoyasikia si kweli. Kwamba alikosea. Kwamba mbolea haikutoka hewani, ilitoka katika uchafu, na kwamba hakuna mtu anayejua itatoka lini.

Mtu mmoja akasema, "Bwana asifiwe," kwa mazoea tu, halafu akainamisha kichwa kwa aibu.

Mzee alichukua kofia yake kutoka gotini, akainuka, akaivaa kichwani mle mle kanisani, jambo ambalo maisha yake yote alikuwa akiwakemea vijana kwa kulifanya. Akatoka kwa mlango wa kati.

Tangu siku hiyo akaacha kuzungumza na binti yake. Kiwandani vijana walianza kumwita Mzee wa Hewa. Walimwita kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana.

Binti alipata kazi shuleni kwetu, na kila Jumamosi aliteremka kwenda kwa babake. Alipika, akafua, akaangalia mifereji ya maji. Mzee alikula chakula chake. Akihitaji chumvi alimwambia mtoto wa jirani, binti akiwa amesimama palepale. Nilifuatana naye mara kadhaa, na siku moja, binti akiwa jikoni, mzee aliniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu:

"Mwalimu, wewe najua kuongea vizuri. Ambia huyo, mtu anaweza nyamaza. Kunyamaza si uongo."

Nilimfikishia njiani tukirudi. Alisimama kwenye daraja la mbao.

"Mwambie nilinyamaza," akasema. "Yule profesa aliponiambia tungoje, nilinyamaza. Nikaenda mkutano, nikasimama mbele ya watu, nikaeleza jambo ambalo nilikuwa nalishuku. Wakapiga makofi. Ndiyo maana najua kunyamaza ni nini."

Sikumwambia mzee. Nilimwona amechoka, nikaona hayo si maneno ya kubebwa na mtu wa tatu.

Usidhani Madam Kemia alikuwa mtakatifu. Alikuwa mgumu wa kuishi naye. Ukimwambia mvua imenyesha Chogoria atakuuliza nani kaiona. Ukimletea maziwa atayanusa mbele yako. Walimu wengine walimkwepa, mmoja alisema waziwazi, "Huyu madam anafikiri sisi wote ni waongo?" Na bado mwanamke huyohuyo hakukubali mtu ahesabu vifaranga vyake kwa kidole, akiamini watakufa. Nilimcheka siku moja, nikamuuliza ushahidi uko wapi.

"Sina," akasema. "Lakini vifaranga ni vyangu, usivihesabu."

Aliomba pia, kila asubuhi, kwa sauti. Nilimsikia kupitia ua. Hakuomba mambo makubwa. Aliwataja watu kwa majina, na jina la babake lilikuja mwisho, na baada ya hapo kulikuwa na kimya kirefu kabla ya amina.

Jambo ambalo sijamsamehe sawasawa ni la Kendi. Kendi alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwerevu, asiyetulia, ambaye alimpenda Madam Kemia kupita wazazi wake. Yeye na wenzake waliandaa kazi ya mashindano ya sayansi. Walichukua mizizi ya maharagwe, wakaikausha, wakaisaga, wakauchanganya unga wake na udongo wa kitalu cha sukuma wiki. Kitalu chao kilistawi, kijani kibichi, majani kama masikio ya ndovu. Kitalu cha pili walichokiacha bila unga kilikuwa cha manjano. Wakashinda ngazi ya kaunti ndogo. Mwalimu mkuu tayari alikuwa ametafuta mahali pa kuweka kikombe.

Madam Kemia alikuwa mgonjwa walipokuwa wakipanda. Alipopona alikwenda kukiona kitalu. Akazunguka. Akafuata mtaro kwa macho, akaona kwamba maji machafu ya jikoni yanapita chini ya kitalu kile kizuri, hayapiti chini ya kile kingine. Akawaambia warudie, safari hii vitalu vyote viwili viwe upande wa mbali. Vikaota sawasawa, vyote vya manjano.

Akawaondoa mashindanoni.

Mwalimu mkuu alimsihi. Nami nilimsihi. Nilimwambia hawa ni watoto, hakuna mtu atakayekufa kwa sukuma wiki. Alinijibu, "Hata mimi nilikuwa mtoto wa mtu."

Kendi alimkabili mbele ya maabara, machozi yakimtiririka, nasi walimu tukitazama. "Madam, wewe hutaki mtu afike pale ulishindwa kufika!"

Angeweza kumwadhibu. Alisimama tu, ile mikono yake imepanuka vidole. Kisha akasema, "Inawezekana. Sijui. Lakini maji yalipita chini."

Kendi aliacha kemia muhula uliofuata. Nilikutana naye mjini Meru mwaka jana, anafanya kazi ya bima, ana watoto wawili. Nilipomtaja mwalimu wake alitazama simu yake akasema ana mkutano. Mara nyingine nafikiri kwamba msichana yule ndiye angeendeleza kazi ile ya vishada, na kwamba mtu aliyeipenda kazi hiyo kuliko wote ndiye aliyemfukuza humo. Mara nyingine nafikiri kwamba hakukuwa na njia nyingine. Siyapatanishi mawazo hayo mawili.

Mzee alipougua, ilikuwa tumbo, na ilikuwa haraka. Binti aliomba ruhusa akahamia nyumbani kwake. Tulikwenda kuwaona, tukamkuta akimwogesha, akimgeuza, akimlisha uji kwa kijiko kwa mwendo ule ule wa polepole. Mzee aliukubali uji. Macho yake yaliangalia mlango. Baada ya mazishi, ambapo mchungaji alimsifu marehemu kwa mambo yote isipokuwa lile lililojulikana na kila mtu, Madam Kemia aliomba uhamisho. Alipelekwa shule moja upande wa Embu. Aliondoka bila karamu, kwa kuwa alikataa karamu, na alinipa kuku wake.

Miaka ikapita. Tulipigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Alipostaafu alinunua kipande kidogo cha ardhi Kibugu, karibu na msitu wa mlima, katikati ya majani chai, kati ya watu ambao hawakujua habari zake wala za babake. Niliahidi kumtembelea, nikaahirisha, nikaahirisha tena. Mwaka huu nilikwenda.

Kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Alikuwa amezeeka kuliko umri wake. Alinikaribisha jikoni, kwa kuwa ndiko kwenye moto, akaweka viazi na maharagwe mbele yangu. Tuliongea habari za shule, za nani amefariki, za nani ameoa. Nilimuuliza kama bado anafuatilia mambo ya vishada. Akasema ndiyo, anasoma kwa simu. Wapo watu sasa wanaovunja miungano hiyo ya molekuli ndogo kwa vishada vya kila namna, na wanaanza na naitrojeni nzito kabla ya kufungua mdomo. Alisema hivyo bila uchungu. Nikafikiri amepata amani, na nikamwambia hivyo.

Akaweka kuni motoni. Kisha akasema, "Nilimdanganya Baba."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Siku zake za mwisho," akasema. "Mchana. Nilikuwa namfuta uso. Akaniita. Aliniita lile jina la utotoni, ambalo mama alikuwa ananiita. Tangu siku ya kanisa hakuwa ameniita jina lolote. Akaniuliza, 'Ile hewa, mwishowe ilivunjika?'"

Alisukuma ukuni ndani ya moto.

"Nikamwambia, 'Ilivunjika, Baba.'"

"Akasemaje?"

"Alinitazama. Alinitazama vizuri sana, kama mtu anayetafuta mahali pameandikwa kitu. Halafu akasema, 'Kumbe nimekaribia hivyo.'"

Nilitaka kumwambia kwamba mgonjwa husema mengi. Lakini nilimjua yule mzee, na nilimjua binti yake, na nilijua kwamba babake alijua, kuliko mtu yeyote wa Githongo, kwamba huyu hawezi kusema uongo kama huo ila kwa mtu anayekufa.

"Aligeukia ukuta," akaendelea. "Daktari alikuwa hajamwambia kwamba anakufa, na sisi hatukuwa tumemwambia. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa kumdanganya."

Kazi yangu ya maisha ni maneno. Nilitafuta moja la kumpa. Nililoliona ni hili tu: "Lakini alikuita. Alikuita jina lako. Hilo huwezi kulikataa."

Alikubali kwa kichwa. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ile ya darasani, ya mtu anayepanga mambo kwa utaratibu ili mwingine aelewe.

"Aliniita kabla sijamdanganya," akasema. "Aliniita nikiwa bado yule aliyesema ukweli kanisani. Baada ya hapo hakuniita tena."

Nje wachuma chai walikuwa wanapita na vikapu mgongoni. Mmoja alimsalimia kupitia dirisha kwa Kiembu, naye akamjibu, akauliza hali ya mtoto, akasikiliza jibu lote mpaka mwisho. Kisha akanigeukia akaniambia nile, chakula kinapoa.